Hatua Thelathini Kutoka Kisimani

Dodoma, 12 Februari 2024

Shangazi Leticia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka huku makao makuu. Mimi ni mzima, ukiacha mafua yaliyonikalia kifuani tangu Mwaka Mpya na hayaoneshi dalili ya kuhama. Wewe je? Na goti la jirani yako Praxeda? Mwambie namshukuru kwa kukubali barua zetu zipitie kwenye meza yake ya dagaa pale sokoni Tanga. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu. Mara zote ulipaza sauti, "Nani? Sema kwa nguvu!" kisha ukakata. Nikakumbuka kwamba masikio yako hayajarudi tangu zile kwinini za malaria, kwa hiyo nimenunua karatasi.

Sasa kaa chini, shangazi. Ofisi yetu imepewa kazi ya kuchora hoteli, na hoteli yenyewe itajengwa hapo Kigombe, kwenye kiwanja cha kambi ya zamani ya wakata mkonge, pale pale alipofikia babu Castory alipoletwa kutoka Njombe. Nilipofungua ramani ya wapima ardhi nikaona duara dogo limeandikwa "kisima cha zamani". Nililitazama muda mrefu kama mjinga. Nikajiona mimi na Queen tumeinama ukingoni, tunaita majina yetu ili maji yatuitikie, na wewe unatufukuza na ufagio.

Kwenye ramani hiyo wameandika kwamba hakuna kaburi lolote. Waliona mihogo tu. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba binti yako Queen amelala hapo. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka msalaba mdogo, nakumbuka baba alivyokushika mikono, ila mahali penyewe sipakumbuki. Unapajua wewe peke yako. Nipimie kwa hatua kutoka kisimani. Nitamweka Queen kwenye mchoro, na majengo yote yatampisha.

Pasaka nitakuja mwenyewe tupapime vizuri kwa futi kamba.

Mwanao,
Anold Tadeo


Kigombe, 3 Machi 2024

Mwanangu Anold,

Milele amina, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa miwani.

Huku tupo. Mvua zinatutishia tu. Goti la Praxeda limevimba, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Kaburi la baba yako pale parokiani nimelipalilia mwezi uliopita, kwa kuwa aliyepaswa kulipalilia ana kazi nyingi Dodoma. Mwaka wa pili huu tangu tumzike. Sikulaumu, nakupa habari.

Hilo la hoteli tumelisikia. Unasema majengo yatampisha. Walipokuja watu wa mabwawa ya chumvi nao waliuliza kwa adabu, kofia wamezishika mkononi. Wakasema marehemu watahamishwa kwa heshima zote. Wakamchimbua baba yangu Castory, wakamchimbua mama yangu na watu wengine watatu wa kambi, wakawatia wote kwenye kreti moja la sabuni. Mpaka leo nikiwasha mshumaa sijui namwashia nani. Queen hawakumpata kwa sababu niliung'oa msalaba alfajiri moja kabla hawajafika, nikapanda mihogo juu yake. Mihogo ile sijawahi kuionja.

Umeniuliza, nami nakujibu. Simama ukingoni mwa kisima, uso uuelekeze baharini. Tembea hatua thelathini. Hatua zangu mimi, si za miguu yako mirefu. Hapo ndipo alipo mwanangu, na usiniulize tena.

Ukija Pasaka nitakupikia kisamvu.

Shangazi yako,
Leticia


Dodoma, 27 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yameondoka hatimaye. Pasaka sitafika, kazi zimebana kuliko nilivyodhani. Kuhusu kaburi la baba sina la kujitetea. Asante kwa kulipalilia.

Ngoja nikueleze nilichofanya, utafurahi. Programu tunayochorea si kama karatasi. Humo kila kitu kinajijua. Ukuta unajua kwamba ni ukuta, na mlango unajua uko kwenye ukuta gani, hivi kwamba ukiusogeza ukuta, mlango na madirisha vinaufuata vyenyewe. Unakishika kitu kwa kipanya, unaandika umbali unaoutaka, unabofya, kimefika. Nyumba nzima nahamisha huku nakunywa chai.

Basi nikataka kumweka Queen. Kumbe stoo ya programu ina vitanda, masinki, minazi, magari, hata watu wa kusimamisha mlangoni, lakini kaburi haina. Nikachukua kitanda cha mtoto. Nikakiondolea mto, nikakipunguza kimo mpaka kikalingana na ardhi. Hatua yako nimeikadiria sentimita sabini, kwa hiyo thelathini ni mita ishirini na moja. Nikakiweka hapo, kisha nikakipigia pini. Kitu kikishapigwa pini hakivutiki tena, hata mtu akikigusa kwa bahati mbaya.

Hapo hapo alama nyekundu ikawaka. Ndivyo programu inavyolalamika vitu viwili vikigombea sehemu moja. Ukuta wa jengo la kufulia, ule wa upande wa bahari, ulikuwa umempitia Queen katikati.

Nikamwendea bosi wangu, Bi Sabiha. Akasema wapima hawakuona kaburi. Nikamwambia mama mzazi yuko hai na amepima kwa miguu yake. Tulibishana siku mbili, shangazi, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Akakubali kulirudisha jengo nyuma mita mbili. Nikakataa. Sikutaka hata ndoo ya fundi imkaribie. Kuelekea baharini sheria ya ufukwe haituruhusu, kwa hiyo nikasimamia mita nane kuelekea kisimani, na mwisho akaridhika kwa sababu bomba la maji nalo litakuwa fupi. Nikaandika nane, nikabofya, nyekundu ikazimika.

Sasa Queen yuko kwenye nyasi, peke yake, na hapana atakayemgusa. Nilijisikia mtu siku ile.

Mwanao,
Anold


Kigombe, 28 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Masika yameshika kwelikweli, njia ya kwenda barabarani imekuwa tope tupu na kuku wangu watatu wamekufa kideri. Mama yake Praxeda anaumwa huko Pongwe, kila Jumamosi anakwenda kumwangalia.

Barua yako ilifika siku nyingi. Sikuijibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuijibu.

Anold, lirudishe jengo hilo lilipokuwa. Au zile mita mbili za bosi wako, nazo zinatosha. Nane ni nyingi mno. Wewe si umesema ni kubofya tu? Basi bofya. Usitake sababu. Mimi ndiye niliyemzaa, nami nasema lirudi lilipokuwa.

Kwenye kiwanja cha hoteli kuna msimamizi anaitwa Uweso, ameshafika kupigilia vigingi. Nimemwona kwa mbali. Sikumsogelea.

Shangazi yako,
Leticia


Dodoma, 15 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na mvua, na pole ya kuku. Mpe Praxeda pole ya mgonjwa.

Nitasema wazi kwa kuwa umenilea. Barua yako imeniudhi. Nilimbishia mtu anayenipa kazi, nikamwapia kwa jina lako, na sasa unataka nirudi kumwambia kwamba yule mama amebadili mawazo? Atauliza kwa nini. Nami nimwambie nini? Kwamba nimekatazwa kuuliza?

Kubofya ni rahisi, lakini michoro imeshapigwa mihuri. Karatasi ziko kwa Uweso, na masika yakiisha wanaanza kuchimba misingi. Jengo likirudi lilipokuwa ukuta utampitia Queen. Huo si ndio uliokuwa ugomvi wangu wote?

Kama kuna jambo hujaniambia, niambie sasa. Nikipata sababu nitasimama tena mbele ya Bi Sabiha, hata anifukuze. Bila sababu siwezi.

Nasubiri.

Anold


Kigombe, 24 Juni 2024

Anold mwanangu,

Sina salamu za kutosha leo, nisamehe. Huku tuko wazima wa mwili.

Hatua ni kumi na sita. Si thelathini. Nilikudanganya.

Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilisema, huyu naye anauliza kwa adabu. Nikasema, mtu ambaye hakuja kumzika baba yake aliyemzaa, makaburi yanamhusu nini? Atanionesha mchoro mzuri, kisha watakuja watu na kreti. Nikaona nikikupa mahali pa uongo, basi mkichimba hamtapata kitu, mtajua ni uzushi wa kizee, mtaniacha na mwanangu. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu. Sikujua kwamba utampigania. Hilo halikunijia kichwani hata kidogo, Anold, na ndilo linaloniua.

Ulipoandika kwamba umelisogeza jengo, nilishika penseli nikahesabu kwa hatua. Umeliweka juu yake. Nilijua tangu siku ile. Ningekuambia Aprili, lakini nilishindwa kuandika neno "nilidanganya" kwa mtoto niliyemtandika aliponidanganya kuhusu sukari aliyoilamba. Nikajipa moyo kwamba mvua hazitaisha, au hela za wenye hoteli zitaisha, au Mungu ataona.

Wiki iliyopita walianza kuchimba. Nilimwendea Uweso, nikamwambia pale wanapochimba pana mtoto. Ni kijana mstaarabu, alinipa kiti. Akafungua karatasi yenu. "Bi mkubwa," akasema, "kaburi si lile pale nyasini? Tushalizungushia kamba, hata toroli halipiti. Leo wataka nalo lihame?" Nikamwambia lile si lenyewe. Akawatazama wenzake, wakainamisha vichwa. Waliniona nimechanganyikiwa. Wakanipa maji ya kunywa, mmoja akanisindikiza mpaka nyumbani.

Simama mbele ya bosi wako. Sababu ndiyo hiyo. Mwambie shangazi yako ni mwongo, mtaje jina. Wasimwage zege. Barua hii nampa Praxeda leo leo aipandishe basi la kesho.

Leticia


Dodoma, 22 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Juni imenifikia juzi Jumamosi, ikiwa na karatasi ndogo ya Praxeda. Anasema siku ile uliyompa alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki, akaondoka kwenda Pongwe kuzika na kukaa matanga. Mkoba wake wa sokoni ulibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na barua yako humo ndani. Analia. Usimgombeze.

Nilimpigia Uweso kabla sijamaliza kusoma. Sakafu ilimwagwa zege tarehe tatu Julai. Nimemuuliza mara nne kuhusu misingi. Misingi imepita pembeni, hakuna jembe wala sururu iliyomfikia. Hakuguswa. Amefunikwa tu.

Nikafungua programu. Nikatoa ile pini. Nikakishika kitanda, nikaandika mita tisa na sentimita themanini kuelekea kisimani, ndizo zile hatua kumi na nne za uongo, nikabofya. Kikaenda, kikatua katikati ya stoo ya mashuka. Nikasubiri alama nyekundu. Haikuwaka. Kitanda hakikugusa ukuta wala rafu, na kwa programu kitanda ndani ya chumba ni jambo la kawaida. Niliweka kichwa juu ya meza nikalia mbele ya watu.

Ningekuja Pasaka haya yasingetokea. Tungesimama pale sisi wawili na futi kamba, na mbele ya macho yangu usingeweza kunidanganya. Wewe hukuniamini, na mimi nilikuwa nimekupa sababu ya kutoniamini. Siku ya maziko ya baba sikuwa kazini kama nilivyowaambia. Nilikuwa stendi hapa Dodoma na tiketi mkononi. Basi liliita abiria, sikupanda. Niliogopa kumwona, nikaogopa na macho yenu. Nikarudi ofisini nikachora ngazi za nyumba ya mtu.

Bi Sabiha nimemweleza yote. Hakunifukuza. Anasema sakafu inaweza kuvunjwa, ila ikishavunjwa mtoto lazima ahamishwe na wahusika, kwa utaratibu wao. Uamuzi ni wako. Nitafanya utakalosema.

Mwanao,
Anold


Kigombe, 18 Agosti 2024

Mwanangu Anold,

Marahaba. Praxeda sikumgombeza, tumelia pamoja, yeye mama yake na mimi mwanangu.

Msivunje. Nimelala na jambo hili siku nyingi. Miaka yote hii nimemficha asiguswe, halafu leo nimpe mtu koleo kwa mkono wangu mwenyewe? Wakimtoa watamtia kwenye boksi, na boksi nalijua. Chini ya zege hapana atakayemfikia tena. Hata mimi.

Kuhusu baba yako, ungesema tu. Tadeo mwenyewe alikuwa mwoga wa maiti, alipofariki babu yako alijificha kwenye mkonge mpaka jioni. Usijipige kifua peke yako, kuna la kwangu kubwa zaidi.

Nina ombi moja. Hoteli ikifunguliwa watataka watu wa usafi. Mimi ni mzee lakini mgongo wangu bado unainama. Ongea na Bi Sabiha aongee na wenye hoteli. Wanipe jengo la kufulia. Vyumba vya wageni sivitaki.

Shangazi yako,
Leticia


Kigombe, 16 Februari 2025

Mwanangu Anold,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeianza mimi safari hii, maana wewe umekuwa mzito wa kuandika. Mzima? Praxeda ni mzima, goti limepoa. Niliipata barua yako ya Krismasi, mfikishie Bi Sabiha shukrani zangu.

Hoteli imefunguliwa. Nimepewa sare ya kijani inayonibana mabega, na fagio la kudekia ambalo halihitaji kuinama, kwa hiyo mgongo niliojisifia nao haukuhitajika. Kila asubuhi naanza na stoo ya mashuka, kabla wasichana wa kufulia hawajafika. Mara ya kwanza waliponikuta nadeki pekupeku waliniambia vigae ni vya baridi, nitaumwa. Nikawaambia mimi ni mtu wa shamba, viatu vinanisumbua.

Ile kamba ya Uweso bado iko nyasini. Wenye hoteli wameweka na kibao, kinasema hapa amelala mtoto wa kambi. Juzi mama mmoja mgeni aliweka ua pale, akasimama, akainamisha kichwa. Nilipita na ndoo yangu. Nilimshukuru. Ningemwambia nini?

Wakati mwingine nachoka, Anold. Kuna siku nadeki pale nikimsimulia habari za nyumbani, na kuna siku nadeki tu kama sakafu nyingine. Siku hizo ndizo mbaya.

Njoo. Safari hii panda basi. Tutakwenda kwanza parokiani kwa baba yako, tutapalilia wote, kisha nitakupitisha mlango wa nyuma wa jengo la kufulia. Futi kamba usilete. Ukiingia vua viatu. Hesabu vigae sita mbele, halafu vitatu kulia, karibu na rafu ya mataulo. Kichwa kimeelekea kisimani. Safari hii sikudanganyi.

Shangazi yako,
Leticia